Mwigizaji akipata mimba, mhusika apelekwe Tanga?

MLETA MADA

Wadau, naomba tulijadili hili bila matusi. Mimi ni mtunza mwendelezo kwenye tamthilia, huu mwaka wa 9. Kwa asiyejua, ni yule dada anayekaa pembeni ya kamera na daftari na simu, akipiga picha juisi ilibaki kiasi gani kwenye glasi, hereni zilikuwa zipi, mtandio ulikuwa bega gani, ili sini ya leo na ile tutakayoichukua wiki mbili baadaye zionekane za siku moja. Ndiyo maana huwa najua mtu ana mimba mapema kuliko ndugu zake. Gauni lililofunga zipu kwenye sini ya 14 linagoma kwenye sini ya 15, na mimi ndiye ninayetakiwa kueleza kwa nini.

Mwezi huu tarehe 3 ameondolewa dada mmoja tuliyekuwa naye miezi 14. Alikuwa anaigiza mke mdogo wa tajiri, na kaiweza nafasi hiyo mpaka akienda sokoni anatukanwa kana kwamba kweli kaiba mume wa mtu. Alimfuata prodyuza mwenyewe, kistaarabu, akamwambia ana mimba ya miezi minne. Siku tatu baadaye ukaingia ujumbe kwenye simu: asante kwa mchango wako, stori imechukua mwelekeo mwingine. Waandishi wakaagizwa mhusika aende Tanga kwa shangazi yake.

Huyo ni wa tatu kumshuhudia, na wote tumewapeleka Tanga. Sijui Tanga wametukosea nini. Nadhani pale Ngamiani sasa kuna mtaa mzima wa wake wadogo, wamekaa barazani na masanduku yao, wanasubiri kurudishwa kwenye skripti.

Swali langu: prodyuza ana haki ya kumwondoa mwigizaji kwa sababu ya mimba? Mimi nasema hana, na wala siombi huruma. Naambiwa ni "mahitaji ya stori". Stori gani? Kabla ya ule ujumbe tulikuwa tumeshachukua naye sini nne akiwa na tumbo lile lile. Moja kabeba beseni la nguo, moja kakaa nyuma ya meza ya chakula, moja yuko kwenye gari, moja kapakata mto kwenye kochi. Dairekta alichosema ni "beseni juu kidogo", basi. Zimeruka hewani na hakuna mtazamaji aliyeuliza kitu.

Na si jambo geni duniani. Mwaka 1952 Lucille Ball wa Marekani alishika mimba katikati ya I Love Lucy, kipindi chake cha vichekesho cha televisheni. Alikuwa ameshapita miaka 40, na nyuma yake ana miaka karibu 20 ya filamu ndogo ndogo ambazo hazikumfanya nyota. Wenye kituo cha CBS na mdhamini wao, kampuni ya sigara, walitaka afichwe nyuma ya viti. Yeye na mumewe wakakataa, wakaiingiza mimba kwenye hadithi. Neno lenyewe la mimba lilikatazwa kutamkwa, ikabidi waseme "anatarajia", na skripti zikapitiwa na padri, mchungaji na rabi. Sehemu ya kujifungua ilirushwa tarehe 19 Januari 1953, siku ile ile aliyojifungua kweli. Waliitazama watu wapatao milioni 44. Kesho yake Eisenhower akaapishwa kuwa rais, na waliomtazama hawakufika milioni 30.

Halafu msinijibu kwamba ni mfumo dume. Prodyuza wetu ni mwanamke, mama wa watoto watatu.

MDAU, PRODYUZA

Dada, nakuheshimu, ila wewe unaijua glasi, huijui ankara. Mimi nalipwa kwa sehemu ninayokabidhi. Nisipokabidhi silipwi, na wiki ya pili naitwa kujieleza. Siku moja ya kazi nina watu karibu 30 wa kulisha, nyumba ya kukodi, gari mbili, jenereta. Mhusika mkuu akilazwa siku mbili kwa presha, hiyo hasara unaibeba wewe na daftari lako? Na je, kikimkuta kitu lokesheni saa 5 usiku, atakayetajwa mitandaoni ni nani?

Na huyo Lucille hukumalizia. Desilu, kampuni iliyotengeneza kipindi hicho, ilikuwa yake na mumewe. Alijiruhusu mwenyewe. Waliachana 1960, na 1962 akanunua hisa za mume, akawa mkuu wa studio nzima; ile tamthilia ya anga za juu, Star Trek, imetokea kwake. Leteni mwigizaji mwenye kampuni tuone nani atampeleka Tanga.

MDAU WA TEMEKE

Prodyuza kasema kweli tupu. Niongeze: nafasi nyingine haziwezekani kabisa. Anaigiza binti wa kidato cha tatu, tumbo la miezi saba utalifichia wapi, kwenye begi la shule? Au ndiye yule wa kutega wanaume. Mtazamaji si mjinga.

MLETA MADA

Kaka wa Temeke, hoja yako ya kutega wanaume ilishapelekwa mahakamani. Hunter Tylo, mwigizaji wa Marekani, aliajiriwa mwaka 1996 kuingia tamthilia ya Melrose Place kama mwanamke wa kuvunja ndoa za watu. Akasema ana mimba, akaondolewa kabla ya kuchukua hata sini moja, kwa hoja hiyo hiyo yako: mwenye tumbo hawezi kuwa kishawishi. Kesi ikasikilizwa Desemba 1997, naye akawa mahakamani na mimba nyingine, kubwa kweli kweli, wazee wa baraza wanaoamua kesi wakimtazama kila siku. Wakampa karibu dola milioni 5.

La mwanafunzi nakubaliana nawe. Ila wangapi kati ya hao watatu wangu walikuwa wanafunzi? Hakuna. Walikuwa wake za watu, na mke wa mtu kushika mimba ndiyo stori yenyewe!

Prodyuza, hapo kwenye umiliki umenipiga, nakubali. Na hata hapa kwetu tunao: dairekta Lamata ni mwanamke na ndiye aliyeiongoza tamthilia ya Jua Kali. Lakini huwezi kuniambia kila mwigizaji afungue kampuni kwanza ndipo azae.

MDAU WA NAIROBI

Huku kwetu ni vile vile. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu na mshahara kamili, lakini mwigizaji akiidai anaambiwa yeye si mwajiriwa, analipwa kwa siku. Hapo ndipo sheria inaishia.

Nitawapa kisa kimoja tu. Kuna kazi niliyokuwa nashika taa, kiongozi wa kiume akavunjika mguu kwa kuanguka na pikipiki, tena Jumapili, katika starehe zake. Jumatatu waandishi wakaitwa, Jumatano mhusika naye amepata ajali. Alikaa na plasta miezi miwili, skripti ikamlea kama yai. Dada mmoja kwenye kazi hiyo hiyo alipopata mimba, alipelekwa Dubai kufanya kazi za nyumbani. Nyinyi mna Tanga, sisi tuna Dubai.

MDAU, MWIGIZAJI

Nimesoma kimya toka jana. Mimi mtoto wangu wa kwanza nilimficha. Nilikuwa najifunga mkanda wa kitambaa tangu asubuhi, naufungulia chooni, najifunga tena. Miezi saba, hakuna aliyejua isipokuwa dada wa nguo, na huyo nilimlipa akae kimya. Siku tuliyochukua sini ya msiba nililia kweli, nikasifiwa sana, kumbe mkanda unanikata.

Prodyuza anauliza kikimkuta kitu nani ataulizwa. Ndicho hicho kilichokuwa kinanikuta, na nilificha kwa sababu nilijua Tanga iko wapi.

MDAU WA TEMEKE

Pole sana dada. Hilo sikuwa nimeliwaza.

MDAU, WAKILI

Naona mnabishana maadili wakati kuna sheria. Kwa Tanzania, Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haiangalii mkataba umeandikwa "msanii wa kujitegemea" au hakuna mkataba kabisa. Inaangalia hali halisi: nani anakupangia muda, nani anakuelekeza namna ya kufanya kazi, vifaa ni vya nani. Likithibitika hata moja, unachukuliwa ni mwajiriwa mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Kigezo kimojawapo ni kumfanyia kazi huyo anayekupa kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita.

Ukishakuwa mwajiriwa wa zaidi ya miezi sita, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema mimba si sababu halali ya kukuachisha. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kama ni mapacha. Na prodyuza, hiyo saa 5 usiku unayoiogopa sheria imeshaisemea: miezi miwili ya mwisho mjamzito hapangiwi kazi ya usiku. Badilisha ratiba, usimbadilishe mtu.

Tatizo ni ushahidi wa hizo saa, maana waigizaji hawasaini popote. La pili ni muda. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ukichelewa, unaanza kwanza kuomba radhi ya kuchelewa.

MDAU, PRODYUZA

Wakili, ukitupeleka huko tutachukua waigizaji wa miezi mitano mitano. Nakuambia mapema.

MLETA MADA

Nimefungua daftari. Huwa naandika kila mwigizaji kafika saa ngapi na kaachiwa saa ngapi, kwa ajili ya mavazi na meki-apu, sikuwahi kuliwazia jambo jingine. Miezi mitatu iliyopita huyu dada amekuja siku 24. Anaingia saa 1 asubuhi, anatoka saa 12 jioni, na kila siku nimeweka picha yenye saa yake. Ni saa 264, wastani wa 88 kwa mwezi.

Prodyuza wangu akisoma hapa atajua ni mimi, na labda sehemu inayofuata mtunza mwendelezo naye ataonekana stendi ya mabasi ya Tanga. Leo ni tarehe 24. Nimempigia dada, anakuja kesho asubuhi kulipiga picha daftari. Wakili, naomba unifungulie ujumbe wa faragha.