Wenye vyombo Ziwa Tanganyika: mnamkabidhi nani mzigo wakati BL (hati za shehena) za asili zote tatu ziko Kigoma?

Wakuu, hasa mnaosukuma mzigo kwenda Kalemie, Uvira, Bujumbura na Mpulungu. Leo sina salamu ndefu.

Kuna mchezo umezoeleka mpaka wanaoucheza hawaoni haya tena. Mfanyabiashara wa Kigoma anauza saruji, chumvi ya Uvinza, unga au spea za pikipiki kwa mnunuzi wa ng'ambo. Amepewa asilimia 30, salio linangoja hati. Anazifungia BL zake tatu kabatini au anazipeleka benki, akijua mzigo hautoki bila karatasi. Kumbe mzigo ulishatoka kitambo. Mnunuzi alifika na fotokopi, au picha ya kwenye simu, au sura yake tu kwa kuwa nahodha anamfahamu. "Chukua bosi, hati zinakuja." Zinakuja kutoka wapi, na ziko Mwanga, hapahapa Kigoma, kabatini?

Ukiuliza, unajibiwa: "Kamdai mnunuzi wako, sisi tulibeba tu." Jibu hili ndilo linaloniudhi kuliko wizi wenyewe, maana wengi wanalikubali na kwenda kulia Kalemie, kwenye mahakama za watu wasiowajua.

Hati ya shehena, yaani BL, ina kazi tatu. Ni risiti kwamba mzigo umepakiwa, ni ushahidi wa mkataba wa kubeba, na ni ufunguo wa mali. Mbebaji aliposaini aliahidi mambo mawili: kuufikisha mzigo, na kumkabidhi mwenye karatasi. Kutimiza la kwanza hakumsamehe la pili. Akimpa asiye na karatasi amevunja mkataba, na tena amegawa mali isiyo yake. Mnunuzi ni mdaiwa wako, sawa, lakini mbebaji naye ni mdaiwa wako, na thamani unayomdai ni ya mzigo mzima pale ulipotakiwa kupokelewa. Nauli haihusiki hapo.

Wanaosema "lakini nyuma ya BL tumeandika wajibu wetu unaisha mzigo ukishashushwa" wakasome kesi ya Rambler Cycle ya 1959, iliyoamuliwa na Privy Council, mahakama ya London iliyosikiliza rufaa za makoloni. Vilikuwa vipuri vya baiskeli kutoka Uingereza kwenda Singapore. Wakala wa meli akampa mnunuzi bila BL, akategemea barua ya dhamana ya benki. Akajitetea kwa kifungu cha namna hiyohiyo. Majaji wakakikataa: ukikisoma hivyo, mbebaji angeruhusiwa hata kumpa mpita njia au kutupa mzigo baharini. Mahakama zetu hazifungwi na hukumu hiyo, ila wanasheria wetu huitumia kama kielelezo.

Na hiyo barua ya dhamana, msitishwe nayo. Ni makubaliano kati ya mbebaji na mnunuzi: mwenye BL akija kudai, mnunuzi atamrudishia mbebaji alicholipa. Wewe humo haumo. Haikuzuii kudai hata senti. Tena kwa meli za baharini, vilabu vya bima vinavyowakinga wenye meli dhidi ya madai havilipi hasara ya kutoa mzigo bila BL, ila wakurugenzi wake wakipenda wenyewe. Ndiyo maana wanakukwepa, hela itatoka mfukoni mwao.

Hata BL ya kughushi haimwokoi. Kesi ya Motis, iliyofika Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, ilikuwa ya mizigo iliyokwenda Afrika Magharibi na kutolewa kwa hati bandia. Mbebaji alibebeshwa hasara.

Sasa tujiseme na sisi, maana baadhi ya hasara tunazikaribisha.

Kikaratasi cha daftari cha mwenye boti, chenye "mifuko 400, kapokea fulani", si BL. Ni risiti. Ukipakia kwa hicho, usije hapa kulalamika.

Soma kisanduku cha mpokeaji. Kikiandikwa "kwa amri ya" mtumaji au benki, mzigo hauendi mpaka huyo asaini kwa nyuma na hati ikabidhiwe. Kikiandikwa jina la mnunuzi moja kwa moja, umejipunguzia nguvu, na kama karatasi yenyewe ni wayibili (karatasi ya usafirishaji isiyo ufunguo wa mali), mnunuzi anachukua kwa kitambulisho tu. Hujalipwa? Usikubali wayibili. Vilevile ukishawarudishia asili zote tatu ili watume teleksi ya kuachia (ujumbe wa kumruhusu wakala wa huko atoe mzigo bila asili), umeachia kwa mkono wako.

Na kosa baya kuliko yote: kumpa nahodha asili moja "itangulie na mzigo". Zote tatu zina nguvu sawa. Mojawapo ikitumika, nyingine zimekufa. Mbebaji akitoa kwa nia njema kwa hiyo moja, bila kujua kuna mwingine mwenye haki, amenawa mikono. Mahakama za Uingereza ziliamua hivyo tangu 1882.

Ikishatokea: piga picha asili zote mbele na nyuma, usimsainie wala kumpa mtu. Siku hiyohiyo andika notisi kwa mbebaji mwenyewe. Mtafute kwenye sahihi ya BL: ukiona "wakala kwa niaba ya" fulani, huyo fulani ndiye mdaiwa wako, na wakala apate nakala. Taja namba ya BL, chombo, safari, kontena na sili. Dai wakuonyeshe nakala ya D/O (agizo la wakala la kuachia mzigo), rekodi ya kutoka getini, na jina la aliyesaini kupokea. Usikubali malipo ya vipande yenye maandishi ya "tumemalizana". Kama ni wakala wa meli mwenye leseni, peleka malalamiko TASAC pia, shirika la serikali linalosimamia mawakala wa meli, lakini yasikuzuie kwenda kwa wakili.

Naomba kuwasilisha. Wenye vyombo mje mjitetee.

Gati Kavu: Mkuu unapiga upande mmoja. Chombo kinafika kabla ya hati. Benki zinazungusha karatasi wiki mbili, huku mzigo unakula gharama za ghala na mvua inanyea saruji. Mwenye meli afanye nini?

Mleta uzi: Aweke ghalani kwa gharama ya mzigo, ndivyo mikataba mingi inavyomruhusu. Au amuulize mtumaji kwa maandishi. Au adai dhamana ya benki inayozidi thamani ya mzigo, na ajue bado anabeba hatari mwenyewe. Kuharakisha ni biashara yake, sawa, ila asiharakishe kwa mali yangu.

Dagaa Mkavu: Na mzigo wa China unaopita Dar kuja kwa reli?

Mleta uzi: Angalia mahali pa kukabidhi. Ikiandikwa Dar es Salaam, kazi ya mbebaji wa bahari inaishia Dar, na karatasi ya reli ya kuja Kigoma si BL. Ikiandikwa Kigoma, wakala wake hatakiwi kutoa D/O kabla ya kupokea asili, hata kontena liwe limeshafika bandari kavu ya Katosho hapa Kigoma.

Klia na Foradi: Niongeze kitu, sisi wa forodha tunakiona kila siku. Watu wanachanganya ruhusa ya TRA na D/O. Ruhusa ya forodha inasema ushuru umelipwa. Haisemi mali ni ya nani. Mnunuzi akikuonyesha ruhusa ya TRA, mwambie hiyo si ufunguo. Na muda wa kufungua kesi je, mkuu?

Mleta uzi: Hapo ndipo wanapokumaliza kwa "tunalifanyia kazi". Tanzania ilijiunga na Kanuni za Hamburg, kanuni za kimataifa za kubeba mizigo baharini, mwaka 1979, nazo zinakupa miaka miwili ya kufungua kesi. Lakini BL nyingi za baharini zimeandikwa kufuata Hague-Visby, kanuni nyingine za kimataifa, ambazo ni mwaka mmoja, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba mwaka huo unahusu pia mzigo uliotolewa kwa asiyestahili baada ya kushushwa. Kwa hiyo hesabu mwaka mmoja, uuone kama miezi kumi. Mazungumzo hayausimamishi. Wakitaka muda zaidi wa kuongea, wakupe nyongeza ya muda kwa maandishi, yenye tarehe. Na soma kifungu cha mahakama: kama kinasema London, kesi ya Kigoma huenda isikuokoe muda ukiisha. Chini ya Hamburg, siku 60 zikipita tangu mzigo ulipotakiwa kukabidhiwa, una haki ya kuuhesabu umepotea.

Dagaa Mkavu: Kuna ukomo wa fidia?

Mleta uzi: Hamburg: SDR 835 kwa kifurushi au 2.5 kwa kilo, kinachozidi. SDR ni kipimo cha hesabu cha IMF. Kontena la tani 18 lenye marobota 300 ya vitenge: BL ikiyataja marobota, ukomo ni 250,500. Ikiandika "kontena 1" tu, linahesabiwa kifurushi kimoja, unabaki na uzito, yaani 45,000. Akiwa ametoa kwa makusudi au kwa kutojali huku akijua hasara itatokea, ukomo wenyewe unaanguka.

Gati Kavu: Hilo la marobota sikulijua. Drafti ya BL ninayo mezani sasa hivi, imeandikwa "kontena 1".

Mleta uzi: Irudishe kabla hawajasaini.