Mabaka ya uzazi usoni: krimu ya daktari, pilingi au leza? Naomba uzoefu wenu

MamaPacha_Tegeta
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nina miaka 34, rangi yangu maji ya kunde. Tangu nijifungue mapacha mwaka juzi nina mabaka ya kahawia mashavu yote mawili na juu ya mdomo, mtu akiniona kwa mbali anadhani nimefuga sharubu. Daktari wa ngozi kasema ni melasma, kaniandikia krimu ya haidrokwinoni asilimia 4, nipake usiku tu kwa miezi mitatu halafu nirudi. Shoga yangu anasema napoteza muda, niende kliniki ya urembo nikapigwe leza: vikao sita, kila kikao laki mbili na nusu. Kliniki ya pili wanataka tuanze na pilingi, yaani kuchubuliwa ngozi kwa dawa. Nisaidieni kulinganisha, maana hela yenyewe ni ya kikoba.

Mlala_Hoi
Hela ya kikoba nunua kuku wa mayai. Uso hautagi.

MamaPacha_Tegeta
Hukuulizwa habari za kuku.

Bi_Mkubwa_Muscat
Mwenzangu, mie nimezaliwa Unguja lakini naishi Muscat, na huku kliniki za urembo zimejaa kila mtaa. Nilipigwa leza kwa tatizo hilo hilo lako. Baada ya kikao cha pili mabaka yakapauka, nikapiga picha nikamrushia dada yangu kujitapa. Haukupita muda yakarudi, meusi kuliko mwanzo, na kingo zake zimechoreka kama ramani. Daktari niliyemwendea baadaye ndiye aliyenieleza kwamba leza ni joto, na melasma ukiichokoza kwa joto inajibu kwa kumwaga rangi zaidi. Sisemi leza haina kazi. Ndevu za kidevuni niliziondoa kwa leza na mpaka leo nashukuru.

Kijana_wa_Kariakoo
Dada, mbona mnajitesa? Kuna krimu huku za kuchanganyiwa, wiki mbili tu unang'aa. Bei ya soda.

Muuguzi_wa_Ngozi
Kijana, huo ni mkorogo, usiupe jina la dukani. Nimefanya kazi kliniki ya ngozi miaka kadhaa, na waliokuja wamefunika nyuso kwa mitandio walikuwa wengi. Ndani huwa mna steroidi kali, au haidrokwinoni ambayo kipimo chake hakijulikani, au zebaki. Steroidi inaifanya ngozi kuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Zebaki inaingia mwilini na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulikuwa na kikomo cha sehemu 1 kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kwamba ifikapo 2025 vipodozi vya zebaki viondoke kabisa, hata hiyo chembe isiruhusiwe. Hapa kwetu ni marufuku siku nyingi. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, na bado makopo yanauzwa mchana kweupe.

Mama Pacha, sasa nakuja kwako. Haidrokwinoni ya daktari ni dawa ileile watu wanayoisema vibaya, tofauti ni kipimo na muda. Inazuia ngozi kutengeneza rangi. Ile miezi mitatu daktari hakuiokota. Mtu akipaka mwaka, miaka miwili, anaweza kupata okronosisi, weusi wa kibluu-kibluu usiotoka. Yaani dawa ya madoa inaleta doa la kudumu. Kwa hiyo paka, lakini ukiambiwa acha, acha.

Pilingi na krimu hazishindani. Pilingi nyepesi ya asidi ya glaikoliki au salisiliki inachubua tabaka la juu tu, na kwa ngozi kama yetu inatakiwa ngozi iandaliwe kwanza kwa krimu wiki kadhaa. Anayetaka kukuchubua siku ya kwanza ulipoingia mlangoni, geuka.

Leza iwe ya mwisho. Uliza mashine ni ipi. Mwanga wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 755 unanaswa sana na rangi ya ngozi, ule wa 1064 unapenya chini zaidi, ndiyo maana weusi wanafanyiwa huo hata kuondoa nywele. Kipimo cha Fitzpatrick ambacho kliniki nyingi hutumia kupanga aina za ngozi kilipotoka 1975 kilihusu ngozi nyeupe tu. Sisi tuliongezwa baadaye. Kwa hiyo usikubali kufanyiwa bila kujaribiwa sehemu ndogo kwanza, nyuma ya taya, na kusubiri.

Maswali mawili: unatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Na jua unajikinga vipi?

Saluni_Mwenge
Mimi ni mwenye saluni, nasema ukweli nisutwe. Nilikuwa nafanya pilingi kali, nimejifunzia kwenye video. Nikamuunguza mteja wiki moja kabla ya harusi yake. Nilimlipia matibabu na picha za harusi nilishindwa hata kuzitazama. Sasa nafanya usafi wa uso tu, wa kuchubuliwa nawapeleka kwa daktari. Na hivi vijisindano vya kuviringisha usoni vinavyouzwa mtandaoni, mtu mwenye asili ya makovu ya kuvimba asiviguse.

MamaPacha_Tegeta
Asanteni jamani. Vidonge ndiyo natumia, tangu mapacha wana miezi sita. Hakuna aliyeniuliza! Jua sijikingi na kitu. Nimesikia hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza mafuta ya jua, Kilisun, naweza kuagiza?

Muuguzi_wa_Ngozi
Hayo waachie ndugu zetu wenye ualbino, yanatengenezwa kwa ajili yao na wanagawiwa bure. Wewe nunua dukani, yenye SPF (kiwango cha kukinga jua) 30 au zaidi, yenye rangi ya ngozi. Ile rangi ni oksaidi ya chuma, inazuia na mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao unaamsha melasma. Pima mistari miwili ya mafuta, ya urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo, rudia kila saa mbili ukiwa nje. Bila hiyo hata krimu ya daktari unamwaga maji mchangani. Vidonge navyo vinaweza kuchochea melasma, lakini usiache kienyeji ukatuletea mapacha wengine. Ongea na mtoa huduma akubadilishie njia. Na useme kama unanyonyesha bado. Mchana unafanya kazi gani?

MamaPacha_Tegeta
Siku hizi sinyonyeshi. Nakaanga vitumbua kibarazani, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne. Jiko la mkaa.

Bi_Mkubwa_Muscat
Subhanallah! Mie nimelipia joto kwa riyali, wewe unalipata bure kila siku.

Muuguzi_wa_Ngozi
Basi sogeza jiko mbali na uso, tumia kijiko kirefu, na kama kuna binti wa kukusaidia kugeuza mwachie, wewe pokea hela. Laki mbili na nusu usiitoe kwanza. Maliza miezi mitatu ya krimu na mafuta ya jua, piga picha leo na siku ya mwisho, dirisha lilelile saa ileile.

Mlala_Hoi
Kumbe vitumbua! Tegeta upande gani?