Kwa nini maboya huelekea kaskazini hata maji yanapokupwa?

Mvuvi, Msimbati
Ndugu zangu, salaam. Nimevua miaka mingi ndani ya Ghuba ya Mnazi, ambako maji hufuata mwezi: yakijaa yanaingia, yakipwa yanatoka. Msimu huu nimeanza kutega jarife, ule wavu mkubwa, nje ya miamba, na huko maboya huvutwa kaskazini tu, maji yajae au yapwe, hata kaskazi inapovuma kuyapinga. Mwenye ujuzi anieleze kinachoyavuta.

Mwalimu wa jiografia, Lindi
Kaka, umekaa mlangoni pa mkondo mkubwa. Mkondo wa Ikweta ya Kusini huvuka Bahari ya Hindi ukitokea mashariki, tawi lake hupita ncha ya kaskazini ya Madagaska, kisha hufika Afrika kwenye latitudo ya 10 hadi 11 kusini, yaani karibu na mdomo wa Ruvuma. Hapo hugawanyika: sehemu hushuka Msumbiji, nyingine hupanda kaskazini mwaka mzima na kuitwa Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, mkondo huo unaweza kufikia mita 2 kwa sekunde. Kaskazi huupunguza kasi, lakini huku kwetu hauugeuzi.

Mkondo huo hauingii ghubani kwa sababu mzunguko wa dunia huulazimisha kupita kandokando ya mteremko wa sakafu ya bahari, badala ya kuupanda. Kwetu sakafu yenye maji haba ni nyembamba mno, kilindi kiko karibu, na ndiyo maana ukivuka miamba unaukuta papo hapo. Kuelekea Mafia na Unguja sakafu hiyo hupanuka, na kujaa na kupwa hutawala eneo kubwa zaidi.

Nahodha, Mikindani
Nakubaliana na mwalimu, ila niongeze jambo moja. Mkondo ukipita rasi au mwamba, nyuma yake maji huzunguka na kurudi kusini. Utaona mstari wa povu na mwani uliokatika. Upande mmoja maji yanakwenda, upande wa pili yanarudi. Jarife likilala juu ya mstari huo hujisokota kama kamba. Chunguza siku za maji mafu, kwa kuwa nguvu ya kujaa na kupwa inapokuwa ndogo, mvuto wa mkondo wa nje huonekana wazi hata karibu na miamba.

Mvuvi, Msimbati
Ahsanteni sana. Mstari huo wa povu naufahamu, na jarife langu lilisokotwa papo hapo. Maji mafu yakifika nitaweka boya moja kila upande.