Hita: kuwasha kutwa nzima, kwa saa maalumu, au chumba kimoja tu? Nyumbani hatuelewani

MamaSalma, Leicester

Assalam aleikum ndugu zangu, na poleni na baridi. Naomba ushauri, maana kwetu suala la hita limefika pabaya.

Tuko sita: mimi, baba Salma, watoto watatu na mama mkwe wangu aliyekuja kutoka Tanga mwezi wa kumi, atakaa nasi miezi sita. Nyumba ni ya matofali ya zamani, zile zilizoshikana mtaa mzima, ukuta mmoja mnene usio na nafasi katikati. Boila, ule mtambo unaochemsha maji ya kupasha redieta za vyumbani, ni ya gesi. Baba Salma anatoka alfajiri na kurudi saa kumi na mbili jioni, na bili inakatwa kwenye akaunti yake. Mimi nahudumia wazee kazi ya usiku, mchana ndio nalala. Kwa hiyo anayelipa hayupo saa za baridi, na sisi tulioko nyumbani bili hatuioni.

Yeye anataka thamostati, kile kidude cha kupangia joto la nyumba, ikae nyuzi 17 na iwashwe jioni tu. Mimi nataka 20. Mama hasemi. Ukimuuliza anakujibu, "Mimi sisikii baridi mwanangu, msijisumbue kwa ajili yangu." Juzi nimeamka saa nane mchana nikamkuta jikoni amefungua mlango wa oveni ya gesi, kanga mbili mabegani, anaota moto. Nilipomshika mikono ilikuwa ya baridi mpaka vidoleni. Nililia. Mama huyu amelea watoto saba, leo yuko nyumbani kwa mwanawe anaona haya kuomba joto.

Tunabishania njia tatu. Ya kwanza, hita iwake kutwa kucha kwa nyuzi 18, dada yangu anasema ndiyo nafuu kwa sababu nyumba haipoi. Ya pili, iwake asubuhi na jioni kwa saa maalumu, nyuzi 20. Ya tatu ni ya baba Salma: hita izimwe mchana, mama awekewe hita ndogo ya umeme sebuleni, tupashe chumba kimoja badala ya saba. Hiyo ya tatu tumeianza wiki mbili sasa na bado tunagombana. Nani ana uzoefu?

FundiBomba, Reading

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Nina miaka 11 kwenye kazi ya maboila, nimesajiliwa.

Kwanza oveni. Tafadhali iacheni leo hii. Oveni ya gesi haikutengenezwa kupasha chumba, na ikiungua vibaya inatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala moshi wa kukushtua. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 mwenye nyumba anayepangisha hapa England analazimika kuweka king'ora cha gesi hiyo kwenye chumba chenye boila au moto wa gesi, lakini jiko la kupikia halimo kwenye sharti hilo. Usidhani kimo jikoni kwenu. Nunua kimoja mwenyewe.

Sasa njia zako. Hoja ya dada yako nimeisikia kila nyumba ninayoingia, na kwa boila ya gesi kwenye nyumba kama yenu si sahihi. Nyumba hupoteza joto kadiri ndani inavyoizidi nje. Ukiiweka nyuzi 18 saa zote 24, inavuja saa zote 24, hata usiku mko chini ya mablanketi. Ukiizima ikapoa, uvujaji nao unapungua. Gesi unayotumia kuirudisha joto asubuhi haifikii ile uliyookoa usiku. Wenye pampu ya joto, ile mashine ya umeme inayovuta joto la nje kuliingiza ndani, hesabu yao ni nyingine, mashine ile inapenda kwenda polepole muda mrefu.

Njia ya tatu ndiyo inayoudanganya moyo. Yuniti moja (kilowati-saa) ya umeme hapa inakaribia bei ya yuniti nne za gesi. Hita ya wati 2,000 inakula yuniti 2 kwa saa. Iwake saa 6, ni yuniti 12, na kwa peni 26 hivi, bei ya mwishoni mwa 2025, unazungumzia zaidi ya pauni 3 kwa siku, kwa chumba kimoja. Chukua pesa hiyohiyo upeleke kwenye gesi uone utapata yuniti ngapi. Hita ya umeme ni nzuri kwa nusu saa, si kwa kutwa.

Jambo jingine linalovunja amani majumbani: kupandisha thamostati hadi 27 hakuifanyi nyumba ipate joto haraka. Ni kama pasi. Ukiiweka kwenye alama ya pamba haichemki upesi, inachelewa tu kujizima. Na vile vishikio vya redieta vyenye namba 1 mpaka 5 ni hivyohivyo, namba 3 ni kama nyuzi 20, 5 haina haraka kuliko 3.

Halafu kaangalie boila yenyewe. Nyingi nazikuta zimewekwa zipeleke maji kwenye redieta yakiwa nyuzi 75 au 80. Boila za siku hizi huokoa gesi pale maji yanaporudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke unageuka maji na joto lake linabaki ndani. Shusha hadi 60. Redieta hazitaunguza mkono, na nyumba itachukua muda zaidi kupata joto, kwa hiyo anza mapema kidogo. Ila kama mna tangi la maji ya moto, maji ya tangi yasishuke chini ya 60, kuna bakteria wanaopenda uvuguvugu.

MzeeWaTabora, Northampton

Naomba nimsemee baba Salma, kwa sababu namuona kama mimi.

Watu wanadhani mwanamume anayeshusha thamostati ni bahili. Oktoba 2022, hata baada ya serikali kuweka kikomo cha bei, yuniti ya umeme ilikuwa peni 34 na gesi peni 10. Mimi nilikuwa na mita ya kulipia kabla. Kiangazi chote sikuwasha gesi, lakini ada ya kila siku ilikuwa inajilimbikiza, nikaja kuweka pauni 20 mwezi wa kumi na deni likameza karibu zote. Nikasimama mbele ya mita na watoto wangu wamevaa makoti sebuleni. Hofu ile haijatoka mpaka leo, ingawa bei zimeshuka. Nikisikia boila inanguruma mchana, nahesabu ni kiasi gani nisichomtumia mama yangu nyumbani.

Dada, mkae muiangalie bili pamoja, yeye na wewe, si kwa kugombana. Mke wangu alikuwa haijui bili, mimi nilikuwa sijui mchana sebuleni kuna nyuzi ngapi. Tulinunua kipimajoto cha pauni chache tukakiweka rafuni. Siku ya kwanza saa tisa mchana kilisoma 14. Sikubishana tena.

MamaNuru, London

Mimi kwangu hakuna mjadala, na naomba wanaosoma wenye mgonjwa wa selimundu wanisikilize. Mwanangu ana miaka 9. Baridi hubana mishipa ya damu, zile chembe zenye umbo la mundu zinakwama, maumivu yanaanza. Siyo baridi ya nje tu. Kutoka kitandani kwenye joto hadi bafu la baridi kumewahi kutulaza hospitali siku nne. Kwangu chumba chake na bafu havishuki chini ya 20, mchana na usiku, na mume wangu aliacha kuzungumzia bili tangu usiku ule.

Kwa mzee ni karibu na hivyo. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa makazi wa 2018 linataja nyuzi 18 kuwa kiwango salama cha ndani kwa nchi za baridi, na kwa wazee, watoto wadogo na wagonjwa linasema huenda ikahitajika zaidi. Mtu aliyetoka Tanga juzi, damu yake haijazoea. Hiyo 17 ya baba Salma isiwepo mezani.

Kuhusu msaada: kuna punguzo la pauni 150 kwenye umeme kwa kaya zenye kipato kidogo, na pauni 25 kwa kila siku 7 mfululizo wastani wa joto la nje unapofika sifuri au chini, kwa wanaopokea ruzuku fulani. Lakini kama viza yenu inakataza fedha za umma, msiombe chochote kabla ya kumuuliza mshauri wa uhamiaji.

MwanaNyeri, Minnesota

Wadau, huku kwetu hoja ya kuzima haipo. Ikifika nyuzi 25 chini ya sifuri na umezima, mabomba yanaganda, yanapasuka, unarudi kukuta dari limeanguka. Hata tukisafiri tunaacha 55 kwa vipimo vya huku, ambayo ni kama 13 kwenu.

Ugomvi wetu ni 68 au 72. Mimi nilitaka 68, sawa na nyuzi 20. Mke wangu alitaka 72. Huku hewa ya moto inapulizwa kupitia matundu ya sakafuni, ikizima tu unasikia baridi. Tulichofanya ni kuelewana kwamba anayekaa nyumbani siku hiyo ndiye anayegusa kidude, kati ya 67 na 71. Nje ya hapo tunapigiana simu. Umekuwa mwaka wa tatu sasa. Dada, hapo kwako anayekaa nyumbani ni mama, na hawezi kugusa kwa sababu ya heshima. Mkimsubiri aombe hataomba.

Rungwe_Berlin

Hamjagusa unyevu, na huo ndio unaoamua. Watu sita wanapumua, wanaoga, wanapika. Ukichemsha maharage saa mbili sufuria wazi, maji yote yale yako hewani, yanatafuta ukuta wa baridi yatue. Ndiyo maana kupasha sebule peke yake kuna gharama isiyoonekana: hewa yenye unyevu inakimbilia vyumba vya baridi, mwezi wa pili unakuta kuvu nyeusi nyuma ya kabati la watoto.

Ujerumani mikataba mingi ya nyumba inakutaka ufungue madirisha wazi kabisa dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, redieta ukiwa umezifunga, kisha ufunge. Mwanzoni niliona ni kupoteza joto. Sivyo. Hewa inabadilika, kuta zinabaki na joto lake. Kuacha upenyo mdogo kutwa ndiko kunakopoza ukuta. Na funikeni sufuria.

FundiBomba, Reading

Rungwe amesema kweli, na tusilichukulie hili kama suala la usafi. Rochdale, Desemba 2020, alifariki mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, na uchunguzi wa mahakama mwaka 2022 ukathibitisha kuwa ni kuvu ya ndani ya nyumba waliyopangishwa. Wazazi wake walilalamika, wakaambiwa ni namna wanavyoishi. Sheria yenye jina lake imeanza Oktoba 27, 2025 kwa nyumba za kijamii za England, zile zinazopangishwa na halmashauri na mashirika ya makazi: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na kuvu au unyevu wenye hatari kubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Ukiambiwa na mwenye nyumba kwamba tatizo ni upishi wako, mwandikie barua na weka nakala.

Kipupwe, Makete

Mimi niko nyumbani, nawasoma tu. Huku Juni na Julai tunaamka majani yameganda barafu, na hita hatuna. Naandika kwa jambo moja. Mama akichoka na hita asije akaomba jiko la mkaa, na ninyi msimpe. Huku tunaingiza jiko chumbani kwa sababu mkaa umeshika na hautoi moshi, tunafunga mlango, tunalala. Kila kipupwe tunasikia watu ambao hawakuamka. Nimemzika jirani na mkewe siku moja. Mkaa usiotoa moshi ndio unaoua.

MamaSalma, Leicester

Nimerudi baada ya wiki tatu, na nawashukuru wote.

Nilimsomea baba Salma ujumbe wa MzeeWaTabora akanyamaza muda mrefu. Kesho yake alikuja na kipimajoto. Sebuleni mchana, hita ya umeme ikiwa imezimwa kwa saa moja, 15.

Tumechukua njia ya pili tukairefusha. Thamostati ni 19 kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, usiku inazimwa. Boila tumeishusha 60. Redieta za vyumba vya kulala tuliziweka 2, lakini dirisha la wasichana likaanza kutiririka maji, tukapandisha chumba chao 3. Mama na mimi tuna mablanketi ya umeme, yanakula kama wati 100 tu. Hita ndogo imerudi sanduku lake.

Hesabu, kwa kioo kile cha mita: wiki ya mwisho ya njia ya tatu tulitumia yuniti 245 za gesi na 110 za umeme. Wiki iliyopita gesi 330, umeme 62. Gesi imepanda kama pauni 5, umeme umeshuka zaidi ya pauni 12. Najua wiki hizi hazikuwa na baridi sawa, kwa hiyo simshikii mtu bango.

Bado tunapishana. Jumapili aliishusha 18 kimya kimya, mimi nikairudisha, tukaongea. Ila kuna kitu ambacho sikuwaambia mwanzoni kwa sababu sikukigundua. Mama alikuja na vitambaa vyake vya meza vya kufuma, akaacha kuvishika mwezi wa kumi na moja, nikadhani amechoka. Kumbe vidole vilikuwa havikunjiki. Jana ameniomba uzi mweupe. Nani anajua duka hapa Leicester?

MamaNuru, London

Sokoni katikati ya mji, uliza wauza vitambaa. Mwambie shikamoo.