Mama mkwe kanipa Dekalog, sehemu ya kwanza tu imeniliza siku mbili. Niendelee?

BintiPangani:
Wapendwa, salamu kutoka Łódź, huku Poland. Naombeni ushauri, na msinicheke.

Mama mkwe (Mpolandi, mstaafu, maneno machache) kaniletea boksi zima la Dekalog ya Kieślowski, mwongozaji filamu wa Poland. Akasema, "Ukitaka kutujua, tazama hii." Ni tamthilia ya televisheni ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Sehemu kumi, kila moja kama saa nzima na ina watu wake, ila wote wanakaa maghorofa yaleyale ya Warsaw. Mimi nimekulia tamthilia za Kituruki, ukimchukia mtu leo unalala, kesho unaendelea naye. Hapa ukishamzoea tu, kwisha.

Sasa ile ya kwanza. Baba msomi anapiga hesabu kwenye kompyuta, inamwambia barafu ya bwawa inambeba mtoto. Haikumbeba. Jamani, mwanangu ana miaka minane, na viatu vyake vya kutelezea barafuni viko kabatini! Jumapili tunakula kwao na najua ataniuliza. Nimrudishie boksi lake?

Mzee_wa_Lifti:
Pole dada. Usirudishe. Hakuna aliyekulazimisha kwenda kwa mpangilio, kila sehemu inajitegemea. Ruka mpaka ya kumi. Ndugu wawili wanarithi stempu za baba yao, hawakujua kama ni mali. Tamaa ikawaingia, mmoja akakubali kutoa figo ili wapate stempu moja iliyokosekana. Yuko hospitali, huku nyumba inaibiwa. Utacheka, halafu utakumbuka wajomba zako na kile kiwanja.

Kibibi77:
Mzee wa Lifti kasema kweli, ila asiiguse ya tano. Kijana anamuua dereva wa teksi, kisha serikali inamnyonga kijana, na vyote unaonyeshwa taratibu, bila huruma. Mimi niliizima, nikarudi baada ya wiki. Ilitoka wakati Poland yenyewe bado ina sheria ya kunyonga, waliifuta 1997.

Chapati_Moto:
Mimi nitatofautiana. Imezidi kusifiwa. Watu wananyamaza mno, rangi kama maji ya kuoshea vyombo. Na yule kaka anayetokea tu na kukodoa macho bila kusema neno, ni nani? Malaika? Mtu wa usalama?

Mzee_wa_Lifti:
@Chapati_Moto haelezwi popote, na ndiyo raha yake. Kwenye ya kwanza ndiye anayeota moto kando ya bwawa.

Mswahili_Praha:
Niko huku Czech, majirani zenu. Nao walikuwa na kitu cha aina hiyo, Bakaláři, hadithi fupi zilizotokana na barua za watazamaji wenyewe. Bibi mwenye nyumba wangu anazipenda kwa vile hakuna shujaa, ni watu wa kawaida na aibu zao ndogondogo. Nadhani mama mkwe wako hakukupa mtihani, mdogo wangu. Watu wa huku hawakai kukusimulia maisha yao, wanakupa kitu utazame. Mwambie tu ukweli kwamba ulilia.

Kibibi77:
Na kama unataka ya kuongea naye mezani, chukua ya pili. Mama mjamzito anamng'ang'ania daktari amwambie kama mumewe mgonjwa atapona, maana mimba si ya mumewe. Kuna nyuki mle anahangaika kutoka kwenye glasi ya kompoti, yale matunda ya kuchemshwa na maji yake. Sikwambii zaidi.

BintiPangani:
Mrejesho. Nilitazama ya kumi Ijumaa, mume wangu akaniuliza nacheka nini peke yangu. Jumapili nikamwambia mama mkwe kuwa ile ya barafu imenishinda. Akanyamaza, akaniongezea supu. Halafu akasema na yeye huwa anairuka, tangu mume wangu alipozaliwa.

Leo usiku ni zamu ya nyuki.