Matangazo kwenye tovuti zetu za kusini: AdSense, mitandao mikubwa ya Marekani, au tuuze wenyewe kwa pamoja?

Mwana_Shangani (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Habari za mitandao ya matangazo kukua haziishi. Mediavine, kampuni ya Marekani inayosimamia matangazo ya tovuti za watu, mwaka 2020 walipandisha sharti la kuingia kutoka ziara 25,000 kwa mwezi hadi 50,000, na watu bado wakapanga foleni. Mwaka 2024 wakafungua Journey, mlango wa pembeni kwa ajili ya tovuti ndogo. Washindani wao, AdThrive na CafeMedia, wakajiita Raptive mwaka 2023. Kila habari ya namna hiyo ikitoka, vijana wa hapa Mtwara wananipigia: kaka, tujiunge?

Nimeleta mada tulinganishe kwa kina, maana wengi wetu tunaandika mambo yaleyale: bei za minada, barabara, bandari, ligi, nafasi za kazi. Njia ninazoziona ni AdSense ya Google, mitandao mikubwa inayosimamia matangazo kwa niaba yako, na kuuza wenyewe kwa wafanyabiashara wa huku.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kukua kwa mtandao wa matangazo na kukua kwa kipato cha aliye ndani yake ni mambo mawili. Ukurasa ukifunguliwa, nafasi ya tangazo inapigwa mnada papo hapo, kabla picha haijamaliza kufunguka. Sisi mnada hatuhitaji kufundishwa. Korosho ikiwa ghalani na wanunuzi wako wengi, bei inapanda. Wakija wachache, mkulima anarudi nyumbani kichwa chini hata kama mzigo wake ni daraja la kwanza. Msomaji wa Nanyamba anayefungua ukurasa kwa bando la siku ni mzigo safi kabisa, lakini kwenye mnada ule wanaomgombea ni wachache. Mtandao ukue mara kumi, kama wanunuzi wapya wanamtaka msomaji wa Texas, bei ya msomaji wa Nanyamba haisogei.

Karibuni, hasa mliokwisha kutumia.

Binti_Mikindani

Kaka Shangani, nakubaliana nawe kuhusu mnada, ila AdSense usiitupe haraka.

Mimi naitumia. Haiulizi una ziara ngapi. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha inazozikubali, kwa hiyo hulazimiki kuandika Kiingereza cha kuungaunga ili upokelewe. Kwenye matangazo ya ndani ya makala, mwenye tovuti anabaki na takriban asilimia 68. Tangu 2024 wanalipa kwa tangazo kuonyeshwa, si kwa kubofywa tu kama zamani, na hilo linatufaa sisi ambao wasomaji wetu wanasoma habari na kuondoka.

Sasa hesabu. Tuseme una kurasa 20,000 kwa mwezi na unapata dola moja kwa kila kurasa 1,000. Hiyo ni dola 20. Malipo hayatoki mpaka ufike dola 100, maana yake miezi mitano. Benki nayo inakata chake fedha zikiingia. Ni kidogo, lakini zinaingia bila kumbembeleza mtu.

Wageni wengi hukwama kwenye barua. Ukifika dola 10 wanakutumia namba ya siri kwa posta, kwenye karatasi. Weka sanduku la posta unalolifungua kweli, na jina lilingane na la kitambulisho na la akaunti ya benki. Kuna watu wametumia sanduku la shule waliyomaliza zamani, barua ikakaa huko hadi wakasahau.

Na tafadhali, acheni kurusha viungo kwenye magrupu ya WhatsApp mkisema "nibofyieni tangazo". Mibofyo ya kuombana inatambulika na akaunti inafungwa na fedha zilizomo. Kijana anaandika usiku na mchana, halafu jasho lake linapotea kwa hisani ya marafiki. Inaniuma sana nikiona.

Mzee_wa_Ligula

Wanangu, hamjambo. Niongeze historia kidogo, maana mnaongelea kukua kana kwamba ni jambo la juzi.

Mtandao wa mwanzo kabisa kuuza matangazo ya blogu kwa pamoja ni Blogads, wa Henry Copeland, mwaka 2002. AdSense yenyewe ilikuja 2003. Mwaka 2005 John Battelle akaanzisha Federated Media. Mwaka huohuo wanawake watatu wa Marekani wakaanzisha BlogHer, kwanza kama mkutano, kisha 2006 wakaanza kuuza matangazo kwa niaba ya wanawake waandishi. Hawa wa BlogHer ndio ninaowaheshimu zaidi. Mwandishi mmoja wa mapishi hakuwa na cha kumwambia mtengenezaji wa sabuni, lakini maelfu kwa pamoja walisikilizwa. Wakakua kwelikweli. Mwaka 2014 wakanunuliwa na SheKnows, na 2018 SheKnows nayo ikanunuliwa na Penske Media.

Upande wa pili yupo Glam Media, baadaye Mode Media. Nao walikua, walisifiwa, walikusanya tovuti nyingi sana. Septemba 2016 wakafunga mlango, na waandishi wakabaki wanadai.

Kwa hiyo mimi nikisikia mtandao umekua nauliza maswali mawili: fedha za mwandishi zinakaa mikononi mwao kwa muda gani, na siku ukiuzwa mwandishi anapata nini? Kwa walio wengi, jibu la swali la pili ni hakuna.

Stendi_Masasi

Shikamoo mzee. Ahsante kwa somo.

Wakuu, mimi nauza mwenyewe na sijawahi kuweka AdSense. Wateja wangu ni duka la pembejeo, nyumba ya wageni, shule binafsi, na mwenye mabasi. Nataka niwaeleze inavyokwenda ili mtu asiingie akidhani ni mteremko.

Mwenye duka hana habari na asilimia wala mnada wa mtandaoni. Anauliza: "Watu wangapi wa Masasi wataliona?" Nilimwonyesha kwenye simu yangu takwimu za wasomaji kwa eneo. Akaitazama kwa muda, akachukua simu, akaipeleka kwa mkewe kwenye meza ya fedha. Mama akauliza swali moja tu: "Wakija dukani, tutajuaje kwamba wametoka kwako?" Tukakubaliana tangazo liwe na namba ya simu ambayo hawaitumii popote pengine. Simu za kuulizia salfa, dawa ya mikorosho, zilipoanza kuingia kwenye laini ile, mkataba wa mwezi uligeuka wa msimu. Mnaona? Mtandao wa Marekani hauwezi kufanya hivyo, wala hauna sababu ya kufanya.

Msimu ni kila kitu. Mei hadi Julai watu wanatafuta viuatilifu vya mikorosho. Ufuta wa Lindi unaingia mnadani katikati ya mwaka. Kuanzia Oktoba korosho inatembeza fedha: bati, saruji, pikipiki, ada za Januari. Ukimfuata mwenye duka la bati mwezi Machi unapoteza nauli.

Ubaya upo. Malipo yanachelewa. Kuna shule moja imetangaza nafasi za masomo kwangu, wanafunzi wamejaa, na hadi sasa nazungushwa. Siku hizi nachukua nusu kabla tangazo halijapanda. Na taasisi kubwa hazikusikilizi bila TIN, namba ya mlipakodi, na risiti ya mashine ya EFD. Ofisi za umma ndiyo kabisa, manunuzi yao yanapita NeST, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa hiyo kama hujasajiliwa huko usipoteze muda mapokezi.

Nachingwea_Kwetu

Ndugu yangu wa Masasi, umeeleza vizuri, lakini kuna jambo limenikaa moyoni na hujaligusa.

Siku duka lile la pembejeo likilalamikiwa na wakulima kwamba dawa haifanyi kazi, utaandika? Mimi niliwahi kuwa na mdhamini mmoja mwenye magari. Gari likaharibika njiani, abiria wakalala porini, nikaandika. Asubuhi simu: toa habari au toa tangazo. Nilitoa tangazo. Tangu siku ile nafasi ile nimeiachia AdSense. AdSense haijanipigia simu kuuliza nimeandika nini kuhusu nani.

Mji wetu ni mdogo. Mtangazaji, msomaji na anayeandikwa wanakutana msikitini na harusini. Hapa uhuru wa mwandishi una gharama kubwa kuliko Dar, na mtu akiniambia kuuza wenyewe kunalipa zaidi, namuuliza kama hiyo gharama ameipigia hesabu.

Stendi_Masasi

Hoja nzito, sikatai. Ningeandika, na ningempoteza. Ndiyo maana siruhusu mteja mmoja abebe zaidi ya robo ya mapato yangu.

Kilwa_Pwani

Samahanini, mnajadili kana kwamba wote tuna msomaji mmoja. Mimi naandika kwa Kiingereza kuhusu Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, urithi wa dunia tangu 1981, na kuhusu Tendaguru kule Lindi, walikochimba Wajerumani mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Mifupa yenyewe iko Berlin, na sehemu kubwa ya wanaosoma ukurasa ule wako Ulaya. Mnadani, hao wanagombewa.

Kwangu mimi mtandao wa kusimamiwa una maana. Mediavine wenyewe mgawo wao wa msingi ni asilimia 75 kwa mwandishi. Swali la mzee kuhusu fedha kukaa mikononi mwao lina jibu pia: wanalipa siku 65 baada ya mwezi kuisha. Uliyovuna Oktoba unayaona mwanzoni mwa Januari. Mwenye ada ya mtoto ajipange.

Oktoba hadi Desemba bei zao zinapanda kwa sababu ya Krismasi, Januari zinaporomoka. Kwa hiyo hata mimi nina msimu, sema wangu hauna mvua.

Anayeandika bei ya mbaazi kwa Kiswahili kwa watu wa Ruangwa asipoteze muda kufukuzia masharti ya kuingia huko. Atafika akute tangazo lenyewe halimhusu msomaji wake.

Mwana_Shangani

Dada Kilwa, umenyoosha mada. Tuanze na msomaji yuko wapi, mtandao ufuate. Na mzee, hadithi ya BlogHer ndiyo niliyokuwa naitafuta bila kujua jina lake.

Nachingwea, hoja yako inanifanya niamini zaidi katika kuuza kwa pamoja. Mdhamini akinunua nafasi kwenye tovuti sita kwa mpigo, kupitia mtu asiyeandika habari, hana mwandishi wa kumpigia asubuhi. Akitaka kuondoka ataondoka kote, na hasara tutaigawana badala ya kumwangukia mmoja.

Mitambo ipo. Revive Adserver ni programu ya bure, unaiweka kwenye seva ya kawaida, inapanga tangazo lipi lionekane wapi na kuhesabu limeonekana mara ngapi. Mabango tuyaweke mepesi, msomaji asilipie tangazo kwa bando lake. Nafasi isiyouzwa ibaki kwa AdSense, kwa hiyo Binti Mikindani hapotezi chochote.

Leseni isisahaulike. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka ada ya leseni shilingi milioni moja, 2020 zikawekwa mpya badala yake, nazo zikarekebishwa 2022. Kila mmoja athibitishe hali yake TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hatujasaini mkataba wowote, kwa sababu mteja mkubwa atauliza.

Binti_Mikindani

Nipo tayari kwa masharti hayo. Fedha nani anashika?

Mzee_wa_Ligula

Asishike mtu. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, mmoja Mtwara mjini, mmoja Masasi, mmoja Lindi. Taarifa ya benki iwekwe kwenye grupu kila tarehe moja, na mgawo uende kwa idadi ya mara tangazo lilivyoonekana kwenye tovuti ya kila mtu, siyo kwa urafiki.

Nachingwea_Kwetu

Na iandikwe kwenye mkataba wa mteja, mstari wa kwanza, kwamba tangazo halinunui habari. Ikiandikwa hivyo, niwekeni wa nne.

Stendi_Masasi

Naandaa karatasi ya bei wiki hii, naiweka hapa mwikosoe. Mwenye bati nitamwona Septemba, kabla magari ya korosho hayajaanza kupanga foleni.