Watawala wenye kiburi, kweli wote hushushwa?

Mleta mada: Wakuu, Mithali 16:18 inasema kiburi hutangulia uangamivu. Sasa mbona wengine wanajisifu mpaka wanazeekea kwenye kiti? Nebukadreza aligeuzwa ng'ombe kwa kujisifia Babeli, sawa, ila Manase katawala Yuda miaka 55, hakuna mfalme wa Yuda aliyemfikia, na kamwaga damu isiyo na hatia mpaka Yerusalemu ikajaa. Onyo hapo liko wapi?

Mchangiaji wa 2: Hakugeuzwa ng'ombe! Soma Danieli 4 taratibu, alikula majani KAMA ng'ombe, akili ndo ilimtoka, nyakati saba zikapita akarudishiwa ufalme. Mnaleta mada za Neno na sura yenyewe hamjaifungua.

Mleta mada: Neno moja tu ndo umeliona? Biblia naisoma toka utoto, usinambie sijafungua. Jibu la Manase.

Mchangiaji wa 3: Manase alifungwa pingu akapelekwa Babeli, huko akanyenyekea ndo akarudishwa, 2 Nyakati 33. Mfano wenyewe ni Herode, watu wakamwita mungu akanyamaza, akaliwa na chango akafa. Yuleyule aliyeua watoto Bethlehemu.

Mchangiaji wa 2: Siyo yuleyule. Wa watoto ni Herode Mkuu, wa Matendo 12 ni Agripa, mjukuu wake.

Mchangiaji wa 3: Babu au mjukuu, chango walimla! Kazi yako kusahihisha watu tu, na huko nako ni kiburi ujue.

Mchangiaji wa 2: Kusema kweli kumekuwa kiburi lini? Neno la Mungu halisomwi kwa kukisia.

Mchangiaji wa 4: Jamani mi kinachoniuma ni kingine. Danieli alimwambia Nebukadreza mapema kabisa, acha dhambi, wahurumie maskini. Ikapita miezi 12 ndo anatembea kwenye jumba lake anasema nimeujenga mimi. Mwaka mzima kapewa, na hao maskini mwaka huo wote walikuwa wanaishije? Hapa tunahesabu tu nani kaanguka lini.

Mleta mada: Hapo umenigusa mkuu. Ila Nebukadreza si aliokoka baadaye? Maana alimsifu Mungu wa mbinguni.

Mchangiaji wa 2: Kusifu siyo kuokoka.

Mchangiaji wa 4: Aliokoka hakuokoka, Belshaza, mfalme wa Babeli wa baadaye, aliyajua yote yaliyompata, Danieli kamwambia hivyo usoni, na bado akanywea divai vyombo vya hekalu. Akauawa usiku uleule.